Bi Ghanima na Neno "Mwenzake"

Mama yangu mkubwa, Bi Ghanima, amezaliwa Tabora, karibu na stesheni ya reli, ambako baba yake alikuwa na duka la kanga na vitenge. Alikuja Oman akiwa mjane, na mwanawe Muntasir alikuwa na miaka kumi. Walifikia Ibra, kwa ndugu wa marehemu mumewe, na Ibra ndiyo kwao hadi leo. Mimi naishi Sur, nafanya kazi ya ofisini, na kila nikipata nafasi naendesha gari kwenda kumwangalia. Haya ninayosimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine aliniambia yeye, na mengine aliniambia mkaza mwanawe.

Watu humuuliza imekuwaje, miaka yote hii yuko Oman na Kiarabu chake bado kinachechemea. Yeye hujibu, "Nitakisema na nani?" Na ni kweli. Jirani wa kulia katoka Bujumbura, wa kushoto kazaliwa Unguja, wa mbele ni mtu wa Kigoma. Asubuhi wanaitana kwa Kiswahili juu ya ukuta, alasiri wanakunywa kahawa kwa Kiswahili. Kiarabu cha Bi Ghanima ni cha sala na cha soko. Siku ya Jumatano, kwenye soko la wanawake, akishakaa mbele ya beseni lake la kachori na visheti, hakuna anayemuweza kwa bei. Lakini mtake akwambie kwa Kiarabu jambo lililomkaa moyoni: atafungua mdomo, ataufunga, atacheka, kisha atakumiminia chai.

Hilo halikumsumbua mtu mpaka Muntasir alipooa.

Bibi harusi alikuwa Yaqeen, msichana wa Izki, aliyesoma Nizwa na kupata kazi ya kufundisha hesabu katika shule ya wasichana ya Ibra. Kwao hakuna aliyepata kuishi Afrika. Neno la Kiswahili alilokuwa nalo lilikuwa "jambo", nalo kalipata kwenye televisheni. Baada ya harusi alihamia nyumba ya Bi Ghanima, ghorofa ya juu. Muntasir anafanya kazi kwenye mtambo wa gesi nje ya Sur, kwa zamu: siku kadhaa yuko huko, siku kadhaa yuko nyumbani. Kwa hiyo nusu ya maisha yao wanawake hawa wawili walikuwa peke yao, kila mmoja na lugha yake.

Kabla ya kurudi kazini mara ya kwanza, Muntasir aliweka programu ya kutafsiri katika simu ya mkewe na ya mama yake. Akamkalisha mama yake sebuleni.

"Unabonyeza hapa, Mama. Unasema Kiswahili, simu inamwambia Kiarabu. Naye akisema Kiarabu, inakwambia wewe Kiswahili."

"Na nikikohoa?"

"Ukikohoa itanyamaza."

"Basi ina akili kuliko baadhi ya watu," akasema Bi Ghanima, akaichukua.

Walianza vizuri. Simu iliwasaidia kujua gesi ya kupikia imekwisha, dobi kaleta nguo, shule inafungwa mapema, samaki wa leo ni jodari. Sauti ya ndani ya simu ilikuwa ya mwanamke anayesema Kiswahili cha taarifa ya habari, na Bi Ghanima hakuipenda sana. "Huyu," aliniambia, "hajapata kuchemsha maji maishani mwake." Lakini alimstahi, akawa anasema naye polepole, maneno yamenyooka, kama mtu anayesoma mbele ya mwalimu.

Kosa la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Yaqeen akirudi shule jasho linamtoka, Bi Ghanima humwambia, "Pole, mwanangu." Akijikwaa kizingitini, pole. Akipiga chafya, pole. Akikata vitunguu macho yakamwasha, pole. Na simu, kila mara, kwa Kiarabu safi, ilisema, "Samahani, mwanangu." Muntasir aliporudi, mkewe alimvuta pembeni.

"Mama yako amenifanyia nini ambacho mimi sikijui? Kila siku ananiomba msamaha."

Muntasir alicheka mpaka akakaa chini. Akamweleza kwamba pole ni neno unalompa mtu yeyote aliyepatwa na kitu, hata kama hukukifanya wewe. Yaqeen akalipenda neno hilo, akaanza kulitumia kwa kila mtu, hata kwa paka wa jirani.

Kosa la pili lilinihusu mimi. Nilimpigia simu mama mkubwa kumwambia nitakuja Alhamisi. Yeye akamwambia Yaqeen kupitia programu: "Mtoto wa dada yangu anakuja Alhamisi, atalala hapa." Kiswahili hakisemi anayekuja ni mwanamume au mwanamke. Simu ikaamua ni mwanamume. Nilipofika nilikuta majlis, yaani sebule ya wageni wanaume, imefukizwa ubani, kahawa na tende zimewekwa huko, na Yaqeen, ambaye wakati wa harusi alikutana na mashangazi mia bila kukumbuka sura ya hata mmoja, yuko juu hateremki. Nikapiga hodi mlangoni kwake, mimi mwanamke, na mkoba wangu begani. Aliponiona akajishika kichwa.

Jioni ile tulikaa naye nikamweleza. Huduma ile ile ya kutafsiri mimi naitumia ofisini, lakini kwenye tovuti, kwa kompyuta. "Ungeandika sentensi ile kwenye kompyuta," nikamwambia, "ungepewa zote mbili, anakuja wa kiume na anakuja wa kike, moja chini ya nyingine, uchague. Ya simu inachagua yenyewe, halafu inakusomea."

"Kwa nini? Si wenyewe ni wale wale?"

"Ni wale wale. Pengine kwa kuwa kioo ni kidogo. Au wanaona mwenye simu ana haraka."

Alifikiri kidogo, kisha akasema yeye hana haraka yoyote. Tukacheka, tukaenda kula. Nadhani makosa yale mawili, kwa kuwa yalichekesha, yalitufanya tuamini kwamba makosa ya simu ni ya aina hiyo tu.

Baridi ilipoingia, Muntasir alikuja nyumbani kwa mapumziko yake na akawa hana raha. Ijumaa nzima hakusema na mtu, chakula hakukigusa, na kesho yake asubuhi akaondoka kurudi kazini. Yaqeen alikuwa hajapata kumwona hivyo. Siku ile ile alasiri alikuwa jikoni na mama mkwe wake wanakanda unga wa visheti. Simu ya Yaqeen waliiegemeza kwenye kopo la sukari, programu iko wazi inawasikiliza wote wawili, maana mikono yao ilikuwa imejaa unga na hakuna aliyeweza kushika kitu.

Yaqeen akauliza kwa Kiarabu, "Khalti, kwa nini Muntasir akihuzunika hasemi?" Khalti, yaani mama mdogo au mkubwa, ndivyo anavyomwita.

Simu ikauliza kwa Kiswahili. Bi Ghanima aliacha kukanda. Kisha akasema, taratibu kama alivyozoea kusema na simu:

"Muntasir alikuwa na mwenzake. Walikuwa hawaachani. Alipofariki, Muntasir alikaa karibu mwaka hasemi na mtu."

Akajifuta macho kwa nyuma ya mkono, unga ukabaki shavuni. Na simu, kwa sauti ile ile iliyotangaza jodari na dobi, ikamwambia Yaqeen kwa Kiarabu maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Muntasir alikuwa na mwenzi wake wa maisha. Hawakutalikiana. Mke alipofariki, Muntasir alikaa karibu mwaka hasemi na mtu."

Yaqeen alimaliza donge la unga lililokuwa mkononi. Akanawa. Akasema ana madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha, akapanda juu.

Aliniambia baadaye kwamba kilichomuuma hakikuwa yule mke. Mtu anaweza kuwa alioa, akafiwa. Hilo ni jambo la Mungu. Kilichomuuma ni kwamba watu wote wa nyumba ile walijua, mimi nikiwemo, na yeye peke yake ndiye aliyekaa anapika na kucheka hajui ameingia chumba cha nani. Hakutaka kumuuliza Muntasir kwa simu. Aliyeweza kulificha jambo kama hilo mpaka baada ya harusi, alijisemea, ataweza kulificha tena.

Likizo ya katikati ya mwaka wa shule ilikuwa inaanza. Yaqeen akamwambia mama mkwe wake kwamba anakwenda Izki kumwona mama yake, akatia nguo kwenye gari akaenda. Muntasir alipompigia, alijibu kwa maneno mafupi: yuko salama, mama yake anamsalimu, mtandao ni mbaya. Ikafika wiki.

Bi Ghanima naye alikuwa na yake. Alinipigia simu, sauti imeshuka.

"Nimemharibia mwanangu nyumba yake."

"Umefanya nini, Mama?"

"Nilimwambia habari ya Najla. Kabadilika pale pale. Sasa kaondoka. Pengine ameona ukoo wetu una maradhi ya watoto, anaogopa kuzaa kwetu."

Najla alikuwa pacha wake Muntasir. Alifariki Tabora kwa homa, wakiwa na miaka minane, majira kama haya, na kila yakirudi Muntasir hukosa raha. Katika ukoo wetu tunalijua hilo sote, na sote tunajua kwamba mbele ya Muntasir halitajwi. Miaka miwili baada ya msiba ule ndipo Bi Ghanima alipouza vitu vyake akaja Oman, na nafikiri alikuja zaidi kwa ajili ya mtoto yule aliyekuwa hasemi. Nilimtuliza mama mkubwa kwa kadiri nilivyoweza. Sikujua alisema nini hasa jikoni. Yeye aliniambia tu kwamba amemwambia habari ya Najla, nami nikadhani hivyo ndivyo Yaqeen alivyosikia.

Kule Izki, chumba cha Yaqeen cha usichana kilikuwa kama alivyokiacha. Kompyuta yake ya masomoni ilikuwa bado mezani, betri imekufa, haiwaki mpaka waya uwe ukutani. Asubuhi moja aliiwasha. Alitaka kuyaona tena maneno yale, maana jikoni aliyasikia tu, hakuyasoma. Akafungua tovuti ya huduma ile ya kutafsiri, akaingia kwa jina lake, na mazungumzo yote ya simu yakatokea yamepangwa upande wa pembeni: gesi, dobi, samaki, na yale ya siku ya visheti.

Akayabonyeza. Kioo cha simu kisingeweza kumwonyesha alichokiona. Kushoto Kiswahili cha Bi Ghanima, kulia Kiarabu, na chini yake, kila neno na maana zake zimeteremka kwa Kiarabu. Mwenzake: rafiki yake, mtu wa rika lake, anayefanana naye, aliye pamoja naye, mke wake au mume wake. Achana: tengana, acha kuwa pamoja, epukana, talikiana. Kulikuwa na mifano pia, kila mmoja na Kiarabu chake. Mtoto amepigana na mwenzake. Ng'ombe amempiga pembe mwenzake. Viatu: kimoja kimepotea, mwenzake yupo.

Aliusoma mfano wa viatu mara nyingi. Mwalimu wa hesabu amezoea kwamba swali likishafanyiwa kazi linatoa jibu moja, na simu ilimpa jibu moja, naye akalipokea. Tovuti ilimwonyesha kwamba jibu lile lilikuwa la mwisho katika orodha. Haikumwambia ukweli ni upi. Ilimtia shaka tu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya jikoni akahisi njaa.

Mama yake, Bi Tufool, alimkuta amekaa hivyo mbele ya kompyuta.

"Una nini tangu ulipokuja? Na leo usiseme ni uchovu."

Yaqeen akamwambia yote. Bi Tufool hakujua kusoma Kiswahili, lakini orodha ile ya Kiarabu aliipitia kwa kidole mpaka chini.

"Maana zote hizi, na wewe umelia kwa moja," akasema. "Mwenye neno yuko hai. Muulize."

Yaqeen akatunga swali kwenye tovuti, akalibadilisha mara kadhaa, akahakikisha neno lile limebaki kama lilivyotoka mdomoni mwa mama mkwe wake. Kisha akalituma kwa simu ya Bi Ghanima kama ujumbe wa maandishi: "Khalti, mwenzake Muntasir aliyefariki alikuwa nani?"

Ilikuwa Jumatano. Bi Ghanima alikuwa sokoni, na mteja mbele yake. Alisoma ujumbe, akausoma tena. Alikuwa ana hakika kwamba Yaqeen alijua. Akatazama neno lake mwenyewe limerudi kwake limeandikwa, na hapo akaona kwamba siku ile hakutaja jina, hakutaja pacha, hakutaja utoto. Kwake yeye mwenzake ilitosha. Nani angeuliza mwenzake ni nani? Akamwachia jirani wa Bujumbura beseni la kachori, akampigia Muntasir.

"Zamu yako inakwisha lini?"

"Kesho. Kuna nini?"

Akamweleza. Muntasir alinyamaza, na mama yake, aliyeuzoea ukimya ule, alimsubiri. Mwishowe akasema, "Nitakuja kukuchukua, Mama. Tutakwenda pamoja."

Walipita njia ya Al Mudhaibi. Garini Muntasir alisema, "Nitamwambia mwenyewe," na mama yake akajibu, "Haya, baba." Walipofika, mzee Humaid, babake Yaqeen, aliwapokea mlangoni na miguu ina tope, maana alitoka kuelekeza maji ya falaji, mfereji wa shamba, kwenye mitende yake. Wakaingizwa kwa Bi Tufool na Yaqeen. Zikaletwa tende na kahawa, zikaulizwa hali, hali za watu wote, hali za mvua. Kisha wanawake wakamtazama Muntasir.

"Mwambie," akasema Bi Ghanima. "Anza na siku mliyozaliwa."

Muntasir alikishika kikombe chake kwa mikono miwili. Akamgeukia mkewe, akasema kwa Kiarabu, "Mama anasema," na hapo akakwama. Alijaribu tena. Akakwama pale pale.

Bi Ghanima akamwekea mkono begani. "Basi, baba. Nenda kakae na baba mkwe wako. Sikukuleta hapa uwe simu yangu." Halafu akamgeukia Yaqeen, akaonyesha kwa mikono miwili kitu kinachofunguka kama kitabu, kama kompyuta yangu ya ofisini aliyoiona kwangu. Yaqeen akaelewa. Akaleta kompyuta, akatafuta pa kuchomeka waya, akaiweka juu ya meza ndogo mbele ya mama mkwe wake.

Bi Ghanima hakuwa amegusa kompyuta maishani. Lakini aliandika vizuri tangu shule ya msingi, na herufi ni zile zile. Akaanza kwa kidole kimoja. Aliandika "Nilizaa", na upande wa pili likatokea neno la Kiarabu. Akaongeza "mapacha", na Kiarabu chote kikajipanga upya mbele ya macho yao. Bi Tufool, aliyekuwa anasoma kwa sauti, akaacha katikati ya neno. Yaqeen akaziba mdomo.

"Nilizaa mapacha, Muntasir na Najla," aliandika Bi Ghanima. "Walikuwa hawaachani." Hapo Kiarabu kikasema tena kwamba hawakutalikiana. Bi Tufool akakunja uso. Yaqeen akalibonyeza neno, orodha ikateremka, akachagua maana ya kutengana, na sentensi ikajirekebisha. Bi Ghanima alimwona anavyofanya. Akaendelea. Aliandika namna Najla alivyokuwa akimjibia Muntasir watu wakimuuliza jina lake, kwa kuwa yeye alikuwa na haya. Aliandika homa, na hospitali, na gari lililochelewa. Alikuwa akisimama, akisoma alichoandika, akifuta neno, akitia jingine. Hakuna aliyemharakisha. Kahawa ikapoa.

Alipomaliza aliandika swali: "Siku ile simu ilikwambia nini?"

Yaqeen akavuta kompyuta kwake, akaandika kwa Kiarabu, na Kiswahili kikatokea: "Iliniambia alikuwa na mke, akafa."

"Mke!" Bi Ghanima alipiga mapaja. "Mtoto wa miaka minane, mke!" Akaanza kucheka, na machozi yanamtoka, na Bi Tufool naye akashikwa na kicheko kile kile, na wanaume chumba cha pili wakanyamaza wakisikiliza. Yaqeen hakucheka. Alikwenda akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akaweka kichwa mapajani mwake, akabaki hapo. Kisha akainuka, akaenda kumtafuta mumewe.

Waliporudi Ibra, kompyuta ilikwenda nao. Ikawekwa kwenye meza ya kulia chakula, waya wake umepitishwa nyuma ya friji. Hakuna aliyeweka sheria, lakini ilijipanga yenyewe: mambo ya mikononi yakabaki kwa simu, na mambo ya kukaa chini yakaenda kwenye kompyuta. Sitaki kuisingizia simu. Mwezi uliofuata Bi Ghanima alipandwa na presha akapelekwa kituo cha afya, hana pumzi ya kuandika herufi hata moja, na programu ile ndiyo iliyomwambia daktari kinachomuuma na tangu lini. Kamera yake iliwasomea dawa, kidonge gani kabla ya kula na kipi baada ya kula. Kompyuta isingefika huko.

Lakini jioni, baada ya sala, Bi Ghanima hukaa mezani na miwani yake. Aliniambia tofauti ilivyo kwake. "Nikisema na simu, nasema kama mtu anayeogopa kukatwa. Nafupisha, nanyoosha, natafuta maneno ambayo yule mwanamke wa ndani anayajua. Nikiandika, najiona nilivyosema. Naliona neno kabla mwenzangu hajaliona." Amemwandikia Yaqeen duka la kanga la baba yake, miembe na vumbi la Tabora, jinsi treni ilivyokuwa ikisikika kabla haijaonekana. Yaqeen humwandikia Nizwa, bweni, mwalimu aliyekuwa akisinzia. Siku nyingine wanagombana juu ya chumvi ya mchuzi kwa maandishi, na huo ni ugomvi mrefu, maana kila mmoja anapata nafasi ya kufikiri.

Mwaka huu tovuti ilibadilishwa. Yaqeen aliifungua akakuta sura mpya: sanduku moja kubwa, herufi kubwa, jibu moja, nafasi nyeupe tupu. Wameifanya ifanane na programu ya simu. Maana nyingine zimo, lakini zimefichwa nyuma ya kialama kidogo, na mfano wa viatu umeondoka kabisa. Bi Ghanima alikasirika kama mtu aliyepangiwa upya jiko lake bila kuulizwa. Alinipigia mimi, kana kwamba nawajua wenyewe.

"Waambie warudishe."

"Nitamwambia nani, Mama?"

Yaqeen hakumpigia mtu. Siku hizi Kiswahili chake kinatosha kuuliza, ngeli zinampotea lakini haoni haya. Akikutana na neno asilolijua humgeukia mama mkwe wake na kusema, "Khalti, na maana ingine?" Na Bi Ghanima humpa ya pili, na ya tatu, na mara nyingi kisa kizima ambacho hakuombwa.

Ijumaa iliyopita nilikuwa kwao kwa chakula cha mchana. Kulikuwa na wali, na kuku wa nazi, na mapera yaliyoletwa na jirani wa Kigoma. Muntasir alichukua pera moja, akalikata, akaanza kumwambia mkewe jambo kwa Kiarabu, kile Kiarabu chake cha haraka cha kazini. Lilikuwa juu ya mpera uliokuwa uani kwao Tabora, na mtoto wa kike aliyekuwa akipanda juu kabisa huku yeye akibaki chini anashika kikapu, kwa kuwa aliogopa. Alikuwa akisimulia huku anatabasamu. Mimi niliacha kutafuna.

Bi Ghanima hakufuata yote. Nilimwona. Alilisikia jina, Najla, katikati ya maneno yale ya Kiarabu, mara moja, kisha tena. Simu yake ilikuwa pembeni ya sahani. Hakuigusa, wala hakuniuliza mimi mwanawe anasema nini. Alichukua upawa, akamwongezea Muntasir mchuzi, taratibu, asimkatize.